Bakteria wa Kumeza: Wapi Wanasaidia, Wapi Ni Hasara Tupu

Mtoto wa miaka miwili amepelekwa zahanati na nimonia, akaandikiwa amoksilini. Siku ya tatu kifua kimetulia lakini tumbo limefunguka: nepi tano kabla ya saa sita mchana. Mama anarudi duka la dawa, na muuzaji anamsogezea kisanduku chenye vipakiti vya unga mweupe. "Hawa ni bakteria wazuri, mkorogee kwenye maji," anamwambia. Bei ya kisanduku inaizidi ile ya amoksilini yenyewe. Anunue au aache?

Kwa mtoto huyu, kisanduku hicho kingefaa zaidi kama kingenunuliwa siku ileile dawa ilipoanza. Kwa mtoto wa jirani aliyekula kitu kibaya na kuanza kuhara na kutapika, hakina faida ya maana. Kwa mgonjwa aliyelazwa chumba cha uangalizi maalumu, kinaweza kumletea madhara. Unga ni uleule, bei ni ileile, ila majibu ni matatu. Hapo ndipo biashara ya probiotiki inapowachanganya wanunuzi, kwa sababu matangazo huwa na jibu moja tu: ni nzuri kwa tumbo.

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa mtumiaji faida ya kiafya. Maana hiyo iliwekwa mwaka 2001 na wataalamu walioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO. Maneno matatu ndani yake yashikwe vizuri: hai, kiasi cha kutosha, faida. Likikosekana moja, kilichomo ndani ya kisanduku ni unga ghali.

Wazo lilivyoanza

Mwanzoni mwa karne ya 20, Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, alidai kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao ya mgando. Dai lake kuhusu umri halikuthibitishwa, lakini wazo la kumeza bakteria kwa makusudi lilishika mizizi.

Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mjerumani Alfred Nissle alichukua bakteria kutoka kwenye choo cha askari ambaye hakuharisha wakati wenzake walishikwa na ugonjwa wa kuhara. Bakteria huyo bado anauzwa, akiwa na jina la daktari na mwaka wake: E. coli Nissle 1917. Miaka michache baadaye Mfaransa Henri Boulard aliona watu wa Indochina wakinywa maji yaliyochemshwa na maganda ya matunda kujitibu kipindupindu. Kwenye maganda hayo alipata aina ya hamira, na leo inauzwa katika maduka mengi ya dawa kwa jina la Saccharomyces boulardii. Nchini Japani, Minoru Shirota alianza kuuza kinywaji chake cha maziwa, Yakult, mwaka 1935.

Maswali manne kabla ya kulipa

Swali la kwanza: ni bakteria gani hasa? Kisanduku cha maana huandika majina matatu: jenasi, spishi, na mwishoni herufi au tarakimu zinazotambulisha uzao wenyewe. Mfano ni Lactobacillus rhamnosus GG. Hizo G mbili mwishoni zina uzito wake, kwani majaribio hufanywa kwa uzao mmoja na matokeo yake hayahamii kwa ndugu zake. Kisanduku kilichoandikwa "lactobacillus" peke yake kinakuacha kama mtu anayefika Kariakoo na kuulizia "Juma" bila jina la baba wala duka. Usishtuke pia ukikuta Lacticaseibacillus rhamnosus GG. Mwaka 2020 wanasayansi waliigawa jenasi hiyo kubwa katika jenasi nyingi ndogo, kwa hiyo jina limebadilika lakini bakteria ni yuleyule.

Swali la pili: wako wangapi? Idadi huandikwa kwa kipimo cha CFU, yaani bakteria walio hai wanaoweza kuzaana. Dozi nyingi zilizofanyiwa majaribio zinahesabiwa kwa mabilioni kwa siku. Angalia kama idadi hiyo inahakikishwa hadi tarehe ya kuisha muda. Bakteria hufa wakiwa rafuni, hivyo hesabu ya siku waliyotoka kiwandani haikusaidii.

La tatu: bado wako hai? Soma maelekezo ya kuhifadhi. Kama yanadai jokofu na muuzaji ameweka kisanduku juu ya rafu inayopigwa na jua la mchana, nenda duka jingine. Hamira ya Boulard na baadhi ya bakteria waliokaushwa huvumilia joto la kawaida, lakini hilo lisomwe kwenye kisanduku chenyewe, lisichukuliwe kwa kubahatisha.

La nne ndilo zito zaidi: uzao huu umejaribiwa kwa ugonjwa upi? Mfamasia akijibu "kwa kila kitu", rudisha pochi mfukoni.

Wapi wanafanya kazi

Ushahidi ulio wazi zaidi unahusu kuharisha kunakoletwa na antibiotiki. Dawa hizo hazichagui. Zinaua bakteria wa ugonjwa pamoja na wale wanaolinda utumbo, na nafasi inayobaki wazi huvamiwa na wengine. Mwaka 2019 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaounganisha na kupima majaribio ya tiba, ulipitia majaribio 33 yaliyohusu watoto zaidi ya 6,000. Miongoni mwa waliopewa antibiotiki bila probiotiki, asilimia 19 waliharisha. Waliopewa vyote viwili walikuwa asilimia 8. Waliofaidika zaidi walitumia dozi kubwa, bilioni 5 au zaidi kwa siku, na wahusika wakuu walikuwa wawili: L. rhamnosus na S. boulardii.

Matumizi yake ni haya. Anza siku ileile unapoanza antibiotiki au kesho yake, na uendelee hadi dozi iishe. Kama ni bakteria, acha saa mbili hivi kati yake na antibiotiki ili dawa isiwaue njiani. Hamira haiguswi na antibiotiki, lakini dawa za fangasi huiua, kwa hiyo usivichanganye. Na kwa hali yoyote usikatishe antibiotiki uliyoandikiwa kwa sababu ya tumbo bila kumwona mhudumu wa afya.

Kwa watu wazima mambo yana utata zaidi. Uchambuzi mwingine wa Cochrane wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba probiotiki hupunguza kuharisha kunakosababishwa na bakteria hatari wa hospitalini, Clostridioides difficile. Hata hivyo jaribio kubwa la Uingereza, lililohusisha wazee karibu 3,000 na kuchapishwa mwaka 2013, halikuona tofauti.

Eneo la pili ni wodi ya watoto njiti. Hawa hupata ugonjwa wa kuoza kwa utumbo ambao huua haraka. Majaribio mengi yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwamba mchanganyiko fulani wa bakteria hupunguza ugonjwa huo, na mwaka 2022 WHO ilisema hatua hiyo inaweza kufikiriwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaolishwa maziwa ya mama. Uamuzi huo ni wa daktari wa wodi. Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya mtoto njiti kufa kwa maambukizi ya damu yaliyoletwa na bakteria waliokuwa ndani ya probiotiki aliyopewa. Mzazi asipenyeze kipakiti cha kununua mtaani ndani ya wodi hiyo hata kwa nia njema.

Mfano unaozungumzwa sana unatoka vijiji vya Odisha, India. Watoto wachanga zaidi ya 4,500, waliozaliwa na uzito wa kutosha na wenye afya, walipewa kwa siku saba ama Lactobacillus plantarum ikiwa na chakula chake cha sukari maalumu, ama unga usio na kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliopata maambukizi ya damu au kufa walikuwa asilimia 9 katika kundi la unga mtupu na asilimia 5.4 katika kundi la bakteria. Ni matokeo makubwa. Lakini ni ya uzao mmoja na mazingira ya vijiji vile, kwa hiyo hayampi mtu ruhusa ya kumpa kichanga chake chochote kinachouzwa kwa jina linalofanana.

Kwa mtoto mchanga anayelia kila jioni kwa saa kadhaa bila ugonjwa unaoonekana, Lactobacillus reuteri DSM 17938 imewasaidia wanaonyonya maziwa ya mama. Kwa wanaokunywa maziwa ya kopo ushahidi haujatosha.

Wapo pia watu wazima ambao glasi moja ya maziwa huwajaza gesi na kuwakimbiza msalani, jambo la kawaida sana Afrika. Mwili wao umepunguza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Mtindi wenye bakteria hai huwafaa, kwani bakteria hao huifanya kazi hiyo wenyewe. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi wa jambo hili na kulikubali, wakati madai mengi ya kampuni za probiotiki iliyakataa.

Wanawake wanaosumbuliwa na maambukizi ya uke yanayojirudia wana habari ya kutia moyo, ingawa bado haijafika dukani. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilitumia Lactobacillus crispatus iliyowekwa ukeni baada ya tiba ya metronidazoli. Ndani ya wiki 12 ugonjwa uliwarudia asilimia 30 ya walioipata, dhidi ya asilimia 45 ya ambao hawakuipata. Mtindi wa jikoni hauna bakteria huyo. Usiuweke ukeni.

Wapi usitupe pesa

Kuhara kwa ghafla ndiko kunakouza probiotiki nyingi, na ndiko ushahidi ulikoporomoka. Mwaka 2018 majaribio mawili yalichapishwa pamoja, moja la Marekani na jingine la Kanada, yakiwa na jumla ya watoto zaidi ya 1,800 waliofika hospitali wakihara na kutapika. Waliopewa bakteria na waliopewa unga mtupu walipona kwa kasi ileile. Kilichothibitishwa kuokoa mtoto anayehara ni maji ya ORS, yanayochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa aliyevuka miezi sita, miligramu 10 kwa mdogo zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Aendelee kunyonya na kula. Mwenye pesa kidogo tu anunue hivyo.

Kwa utapiamlo mkali, jaribio lilifanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2009. Watoto 795 waligawanywa: wengine walipewa chakula tiba cha kawaida, wengine chakula hicho pamoja na mchanganyiko wenye bakteria wengi. Idadi ya waliopona haikuongezeka.

Kwa upande wa VVU, mfano uko Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walishirikiana na kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, kutengeneza na kuuza mtindi wenye L. rhamnosus GR-1, uliokuja kujulikana kama Fiti. Kama mradi wa kipato na lishe, jiko la Mabatini lilifanikiwa hata likaigwa kwingine. Lakini watafiti walipopima kwa utaratibu wa kundi na kundi kama bakteria hao wanapandisha CD4, yaani chembe za kinga, za watu wenye VVU, hawakuona tofauti. Mtindi ni chakula kizuri kwa anayetumia ARV, ila haugusi kazi ya ARV.

Nani asitumie kabisa

Mwaka 2008 Uholanzi ilitangaza matokeo yaliyowashtua madaktari. Wagonjwa 298 wenye uvimbe mkali wa kongosho walipewa ama probiotiki ama unga mtupu kupitia mpira wa kulishia. Kwenye kundi la probiotiki walikufa 24, kwenye kundi lingine 9. Bakteria "rafiki" walipoingizwa katika utumbo uliokwisha kudhoofika, walichangia maafa.

Hamira ya Boulard nayo ina mpaka wake. Tangu mwaka 2017 wadhibiti wa dawa Ulaya wanakataza wapewe wagonjwa mahututi, wenye kinga iliyoshuka sana, au waliowekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu. Vumbi la kipakiti kinachofunguliwa kando ya kitanda linatosha kuifikisha hamira kwenye damu. Kwa hiyo anayepata tiba ya saratani, aliyepandikizwa figo, mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, na aliyelazwa na mipira mwilini, amwulize daktari wake kwanza.

Vya jikoni: mtindi, mala, mursik, togwa

Afrika Mashariki imechachusha maziwa na nafaka tangu kale. Wamasai wana kule naoto, Wakalenjin mursik inayotunzwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa, Wanyarwanda na Warundi ikivuguto, Uganda ina bushera, Tanzania ina togwa. Ndani ya vyakula hivi mna bakteria hai wengi, lakini aina na idadi yao hubadilika kutoka kibuyu hadi kibuyu. Ndiyo maana havihesabiwi kuwa dawa. Ni chakula chenye faida, na faida hiyo hupatikana kwa anayejua pa kuwa mwangalifu.

La kwanza ni joto. Uji wa unga uliochachushwa kisha ukapikwa hauna bakteria hai hata mmoja, ingawa ladha ya uchachu imebaki. Togwa huenda kinyume chake: uji hupikwa kwanza, ukipoa na kubaki vuguvugu ndipo hutiwa kimea cha ulezi na togwa kidogo ya jana, ukalala. Kwa hiyo togwa hunyweka ikiwa hai. Kimea pia hulainisha uji, hivyo mtoto anakunywa wenye unga mwingi bila kukabwa. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba watoto waliokunywa uji wa aina hii walipungukiwa na bakteria waletao magonjwa katika choo chao. Maziwa ya mgando (mala) ya pakiti yanayokaa nje ya jokofu kwa miezi nayo yamepashwa moto baada ya kuganda. Yanakupa protini na kalsiamu tu.

La pili ni usafi wa mwanzo. Uchachu huzuia vijidudu vingi kuzaliana, lakini hauaminiki kuua vya brusela, na hauondoi sumukuvu iliyotoka kwenye pumba za ng'ombe au mahindi yenye ukungu. Chemsha maziwa kabla ya kuyagandisha. Tupa nafaka na kimea chenye ukungu. Kuhusu mursik, watafiti wamepima humo asetaldehidi nyingi, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo la chakula, kwa hiyo isiwe kinywaji cha kila mlo.

Mtindi wa nyumbani hutengenezwa hivi. Chemsha lita moja ya maziwa hadi yafure, epua, funika. Yasubiri hadi yafike nyuzi 43 hadi 45. Asiye na kipimajoto achovye kidole kilichooshwa vizuri: kikivumilia humo huku akihesabu hadi kumi, joto limefaa, na kikichomeka, bakteria nao wataungua. Tia vijiko viwili vya mtindi mbichi wenye bakteria hai, koroga polepole, mimina kwenye hotipoti iliyosafishwa kwa maji ya moto, funika na usiitikise. Baada ya saa sita hadi nane yatakuwa yameshikana. Weka kwenye jokofu. Ukiona madoa ya waridi au kijani, au povu na harufu ya kuoza, mwaga yote. Usirithishe mtindi wako kama chachu mara nyingi mfululizo, maana kila awamu huingiza wageni.

Anayetaka mtindi wenye uzao uliofanyiwa utafiti anaweza kuulizia chachu ya Yoba. Shirika la Kiholanzi Yoba for Life, lililoanzishwa mwaka 2009, liliisambaza kwanza Uganda kisha nchi jirani. Gramu moja hugandisha lita moja ya maziwa, na lita hiyo hugandisha lita 100. Ndani yake mna nakala ya L. rhamnosus GG, ambaye peke yake hakui vizuri kwenye maziwa kwa kuwa hawezi kuivunja sukari yake. Akawekewa mwenza, Streptococcus thermophilus, anayeivunja na kumlisha. Vikundi vya wafugaji vimegeuza utaalamu huo kuwa biashara ya mtaani.

Namna ya kutumia

Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja na kwa ugonjwa unaojulikana. Gesi kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Homa, vipele au maumivu makali si kawaida, acha na uende kituo cha afya. Kama umetumia wiki nne kwa shida ya tumbo isiyoisha na hujaona nafuu, usinunue kisanduku kingine. Usimpe mtoto chini ya miezi sita mtindi wala togwa, maziwa ya mama yanamtosha na yana bakteria wake.

Mtoto au mtu mzima anayehara damu, ambaye macho yamezama, hakojoi, anatapika kila anachokunywa au amelegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo huku akinyweshwa ORS njiani. Na kila unapoulizwa na daktari ni dawa gani unazotumia, taja na probiotiki.